Nyimbo za Ndaro Zilizobaki Nusu

Paukwa!

Pakawa!

Hapana. Nyamvula, umeitikia kwa pua. Na wewe Kasimu, acha kuchokoa makaa, cheche ikikurukia usije ukanililia mimi. Mtu akikuita, mwitikie. Tena!

Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Sogeeni.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama, na katika kijiji hicho palikuwa na kaka na dada, mayatima. Kaka aliitwa Ndaro. Dada aliitwa Mejumaa.

Ndaro alikuwa manju. Manju ni yule anayetunga wimbo na kuuongoza ngomani. Yeye anatupa maneno, wenzake wanaitikia. Halikulimwa shamba bila Ndaro, hakuolewa mwali bila Ndaro, hakuzikwa mtu bila Ndaro.

Na mwitikiaji wake alikuwa Mejumaa. Ndaro akitupa, Mejumaa anadaka. Sauti yake haikuwa nzuri, nisiwadanganye. Utotoni alishikwa na kifaduro, kikamwachia sauti ya kukwaruza, kama mtu anayekuna nazi. Lakini alikuwa hakosei. Ndaro akisita, yeye anangoja. Ndaro akikimbia, yeye yuko hapo hapo.

Nyimbo zao tatu ndizo zilizopita zote. Ya kwanza ilikuwa ya kupalilia, na Mejumaa aliitikia hivi:

*Lipe udongo, lishibe.*

Ya pili ilikuwa ya harusi, na Mejumaa aliitikia hivi:

*Ni mwana wa watu, mfungulieni.*

Ya tatu hawakuiimba mbele za watu. Waliitunga wakiwa wadogo, siku mama yao alipofariki. Ndaro ndiye mkubwa, lakini Ndaro ndiye aliyekuwa akilia, na Mejumaa ndiye aliyembembeleza. Aliitikia hivi:

*Kaenda kisimani, atarudi.*

Unasemaje, Nyamvula? Ndaro mwenyewe aliimba maneno gani? Siyajui. Hakuna anayeyajua. Tulia, utasikia kwa nini.

Basi, siku moja akaja mgeni. Mrefu, kanzu nyeupe, na kilemba kikubwa kilichomfunika kichwa chote mpaka shingoni nyuma. Mejumaa alikuwa uani akitwanga.

"Shikamoo, mgeni," akasema Mejumaa.

Mgeni hakuitikia. Akasema, "Namtaka mwenye nyimbo."

Ndaro akatoka. "Ndiye mimi. Karibu, mgeni, habari za utokako?"

Mgeni hakuitikia. Akasema, "Mjini kwetu tuna sherehe. Ni ng'ambo ya vilima, mwendo wa siku mbili. Sifa zako zimetufikia. Uje utuimbie."

Ndaro kichwa kikamvimba. Hakuwahi kuitwa nje ya bonde lao. Watu wa ng'ambo ya vilima wamemsikia!

"Lakini kwanza nambie," akasema mgeni. "Nyimbo hizo ni za nani?"

"Ni zangu."

"Hukusaidiwa kuzitunga?"

"Ni zangu."

"Na hakuna mwingine mwenye fungu lake humo?"

Ndaro akamtazama dada yake. Mejumaa alisimama pale na mchi mkononi, pumba za mtama zimemjaa kichwani. Ndaro akaona haya mbele ya kanzu ile nyeupe.

"Ni zangu peke yangu," akasema.

Mgeni akatabasamu. "Vizuri sana. Basi njoo peke yako."

"Kwaheri, mgeni," akasema Mejumaa.

Mgeni hakuitikia. Akaenda zake.

Mejumaa akaweka mchi chini. "Kaka, yule mtu hakuitikia salamu."

"Amechoka na safari."

"Nimemwamkia, hakuitikia. Umemkaribisha, hakuitikia. Nimemuaga, hakuitikia. Kaka, mtu gani huyo? Mimi namwogopa."

Ndaro akacheka. "Hata akiwa zimwi! Hujui kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha? Na hawa wananijua, mdogo wangu. Sifa zangu zimefika."

"Basi twende wote. Nani atakuitikia huko?"

Ndaro akakuna kichwa. Kumwambia dada yake kwamba anaionea haya sauti yake hakuweza, maana hakuwa mtu mbaya, Ndaro. Alikuwa na kichwa kikubwa tu, na hilo halimpati yeye pekee. Akasema, "Huko waitikiaji wamejaa. Wewe baki uangalie kuku."

Asubuhi Mejumaa alimfungia mihogo mikavu na kibuyu cha maji, akamsindikiza mpaka penye mtaro. Ndaro alipofika kwenye kona akapiga mluzi, kama walivyozoea tangu utoto. Na Mejumaa akamjibu kwa mluzi, ingawa moyo ulikuwa mzito.

Basi Ndaro akaenda, akaenda, akaenda. Akavuka vilima, akafika kwenye mji. Ua wa mji ule ulikuwa mrefu, na kwenye ua zilitundikwa ngoma, na zumari, na kayamba, nyingine mpya, nyingine zimeshaliwa na mchwa. Ndaro akajisemea, "Ama hawa ni wapenzi wa muziki!"

Mnacheka? Haya, chekeni.

Akasimama mlangoni akasema, "Hodi!" Kimya.

Akawakuta watoto wanacheza. "Hamjambo, wanangu?" Kimya.

Akawakuta wanawake wanatwanga. "Poleni na kazi, mama zangu." Kimya. Michi inapanda, michi inashuka, na vinu ni vitupu.

Ndaro akajisemea, "Miji mikubwa ndiyo ilivyo. Watu wake hawana salamu." Akaingia.

Akapewa nyumba, akapewa mkeka, akapewa sinia la wali na kuku mzima. Akala. Hakuna aliyekula naye.

Kesho yake, jua lilipofika utosini, wakampeleka uwanjani. Watu walikuwa wengi, wote warefu, wote na vilemba mpaka shingoni. Yule mgeni wa siku ile ndiye aliyekuwa mkubwa wao, amekaa mbele kwenye kiti.

"Imba," akasema.

Ndaro akaanza wimbo wa kupalilia. Akatupa maneno yake, akanyamaza angoje kuitikiwa.

Kimya.

Watu wote wakageuka, wakampa mgongo. Wakafungua vilemba. Na kila mmoja, hapa kisogoni chini ya nywele, alikuwa na mdomo mwingine, wenye meno. Ile midomo ikafunguka ikayameza maneno ya Ndaro, gulu, gulu, gulu. Wakafunga vilemba vyao, wakageuka tena.

Mazimwi! Mji mzima!

Na Ndaro alipoutafuta wimbo wa kupalilia kichwani mwake, hakuupata. Hata neno moja. Ni kama hakuwahi kuutunga.

"Mtamu," likasema lile zimwi kubwa. "Kesho utatuimbia mwingine. Na nyimbo zikiisha, tutakumeza wewe mwenyewe."

Ndaro akakimbilia mlangoni. Mlango haukuwepo tena. Ua umezunguka pande zote.

Sasa mwacheni huko, turudi kijijini.

Saa ile ile, Mejumaa alikuwa shambani na wanawake wenzake wanapalilia. Wakamwambia, "Mejumaa, kaka yako hayupo, tuanzishie wewe." Mejumaa akafungua mdomo. Maneno ya kaka yake hayakuja. Akamuuliza huyu, hayajui. Akamuuliza yule, hayajui. Shamba zima wanakijua kiitikio, *Lipe udongo, lishibe*, na hakuna anayejua kinaitikia nini.

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema labda ni jua kali. Mejumaa hakungoja. Akatupa jembe pale pale akashika njia, bila mihogo, bila maji.

Akatembea mchana, akatembea usiku, akatembea mchana tena. Siku ya pili jua lilipofika utosini, akajaribu kujiimbia wimbo wa harusi ili apate nguvu ya kwenda. *Ni mwana wa watu, mfungulieni.* Basi. Maneno ya mbele hayapo. Mejumaa akalia njiani peke yake, kwa sababu alijua umebaki mmoja, na alijua ni upi.

Siku ya tatu akafika kwenye ua. Ameishiwa nguvu, miguu imepasuka, na mlango hauoni. Lakini alikuwa mtoto aliyefundwa. Akasema, "Hodi, wenye mji."

"Karibu," ikajibu sauti. "Ila mji si wangu, na usiingie."

Mejumaa akaangaza huku na huku. Ilikuwa kayamba, imetundikwa kwenye ua. Inatikisika yenyewe, na mbegu zake ndizo zinazosema.

"Manju wangu alikuja kuimba hapa," ikasema kayamba. "Naye aliulizwa. Akasema, changu peke yangu. Wakammeza."

"Kaka yangu yumo humo! Nifanyeje?"

"Sikiliza. Zimwi halili cha wawili. Kitu cha mtu mmoja linakimeza, kitu cha watu wawili kinalikwama kooni. Kaka yako atakapoimba, mwitikie. Wimbo utawakwama. Hapo watamuuliza wimbo ni wa nani. Akisema wetu, mko huru nyote wawili. Akisema wangu peke yangu, amekwisha."

"Atasema wetu," akasema Mejumaa.

Basi jua likafika utosini. Ndaro akaletwa uwanjani. Amekonda, macho yameingia ndani. Hakumbuki shamba, hakumbuki harusi. Umebaki wimbo mmoja tu, wa mama yake, na hakutaka kuuimba.

"Imba," likasema zimwi kubwa.

"Sina wimbo."

"Imba."

"Sina wimbo, nimekwambia!"

"Imba, au tuanze na wewe."

Ndaro akaimba. Akaimba polepole, machozi yanamtoka. Mazimwi yakageuka, yakafungua vilemba, yakaanza kumeza. Maneno yalikuwa yamefika kooni, na nyuma ya ua ikasikika sauti ya kukwaruza, kama mtu anayekuna nazi:

*Kaenda kisimani, atarudi.*

Mazimwi yakapaliwa! Yakakohoa, yakajipiga vifua, yakagaagaa mavumbini. Wimbo umeyakwama kooni kama mwiba wa samaki. Hauendi mbele, haurudi nyuma.

Ndaro akainua kichwa. Aliijua sauti ile. Hapo ndipo alipojua, watoto, kwamba maisha yake yote hakuwahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Na ua ukapasuka, kwa kishindo cha mazimwi yaliyokuwa yakigaagaa. Ndugu wawili wakaonana.

Zimwi kubwa likasimama, macho mekundu, linakohoa. "Nani huyo? Wewe mwimbaji, sema! Wimbo huu ni wa nani?"

"Sema ni wetu, kaka!" akapiga kelele Mejumaa.

"Sijakuuliza wewe!" likanguruma zimwi. "Nimemuuliza niliyemwalika. Wimbo huu ni wa nani?"

"Sema ni wetu, kaka!"

Ndaro akamtazama dada yake. Aliona miguu iliyopasuka. Aliona midomo iliyokauka. Akafikiri, nikisema wetu, watamshika naye. Watatula sote wawili. Mama alinikabidhi mtoto huyu, nami nilimwacha na kuku.

"Kwa mara ya mwisho," likasema zimwi. "Wimbo huu ni wa nani?"

"Sema ni wetu, kaka, nakuomba!"

Ndaro akasema, "Ni wangu peke yangu. Huyo simjui. Mwacheni aende zake."

Gulu.

Wimbo ukashuka kooni, na Ndaro akaufuata. Pale aliposimama hapakubaki kitu, hata kiatu.

Bibi yangu alipotuhadithia hapa alikuwa akisema Ndaro alisema vile kwa huruma. Shangazi yangu akambishia, akasema ni kiburi, ulimi wake ulishazoea. Waligombana kila mara, tukalala hawajaelewana. Mimi nasema ilikuwa huruma. Lakini neno lilikuwa lile lile alilolisema uani kwake siku ya kwanza, na zimwi halipimi moyo. Zimwi linasikia neno tu.

Basi mazimwi yakamgeukia Mejumaa. "Na wewe una nini?"

"Nina viitikio," akasema Mejumaa.

"Ni vya nani?"

"Ni vyetu. Mimi na kaka yangu."

Zimwi kubwa likamkaribia, likamnusa. Likafungua mdomo wa kisogoni, likaufunga. Likafungua tena, likaufunga. Kisha likatema mate chini, likafunga kilemba chake, likaondoka, na mengine yakalifuata.

Mejumaa akaitungua ile kayamba kwenye ua, akarudi nayo kwao. Watu wa kijiji wakachukua mapanga na mikuki, wakaenda ng'ambo ya vilima. Hawakukuta mji wala ua. Walikuta majani marefu na vinu vitupu. Wakaita, "Ndaro! Ndaro! Ndaro!" Hakuitikia mtu.

Mejumaa aliishi akazeeka. Watu walimpenda, walimlimia, walimwozea mjukuu wake kwa heshima. Lakini jioni alikuwa akikaa mlangoni na kayamba yake, anaitikia peke yake: *Kaenda kisimani, atarudi. Kaenda kisimani, atarudi.* Wajukuu wakamuuliza, "Bibi, nani kaenda kisimani?"

Naye akafikiri sana, akasema, "Sijui, wanangu. Aliyekuwa akiuliza wimboni ndiye aliyejua."

Huyo ndiye aliyeanzisha desturi hii kwetu, kwamba mtu asisimulie kitu mbele ya watu mpaka aite kwanza, na aitikiwe. Kama hakuitikiwa, afunge mdomo wake aondoke. Na mtu akitunga, ataje na wanaomwitikia, hata kama sauti zao zinakwaruza.

Na fundisho lake halina mafumbo. Anayesema changu peke yangu, ataliwa peke yake. Na neno baya ulilolizoea halitageuka zuri siku unapolihitaji liwe zuri.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, nami naiweka hapa chini katikati yenu. Wasimuliaji wengine wakimaliza husema, ikiwa nzuri ni yetu sote, na ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Mimi sisemi hivyo, na katika nyumba hii msije mkasema hivyo. Ikiwa nzuri ni yetu. Ikiwa mbaya ni yetu.

Sasa simameni mkalale. Lakini kwanza niwasikie, mmoja mmoja, na wewe uliyejificha nyuma ya kapu la mahindi, nikusikie pia.

Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wote ni watu. Fungeni mlango.